Vitanda Alivyovilalamikia Mama

Siku Mama alipokutana ana kwa ana na mtu aliyemvunja kiuno, mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake nimemshikia mkoba, na chanzo cha yote, jamani, nilikuwa mimi. Kosa langu. Kosa tamu kuliko yote niliyowahi kufanya! Lakini ngoja. Baba anasema nasimulia kama mwanafunzi wake anayetaka kuondoka na gia ya nne. Baba ni mwalimu wa udereva, kwake dunia nzima ni gia na breki. Haya Baba, gia ya kwanza hiyo.

Mama yangu ni muuguzi. Na sio muuguzi wa juzijuzi: miaka ishirini na saba, wodi ile ile ya wanawake waliofanyiwa upasuaji. Kila mtu anamwita Sista. Jirani, Sista. Mwenye duka, Sista. Hata Baba, mume wake wa ndoa kabisa: "Sista, umeona miwani yangu?" Mimi peke yangu ndiye ninayemwita Mama, na hata mimi nikipata homa ulimi unateleza. Yeye mimi ananiita Redio. Sababu mtaiona wenyewe.

Nyumba yetu inaendeshwa kwa ripoti. Mama akitoka asubuhi kwenda kazini, hasemi kwaheri kama mama wa watu. Anasimama mlangoni, kalamu kifuani, anakabidhi nyumba kama anavyokabidhi wodi: "Maharage yako jikoni, yamelala salama, yachemshwe saa sita. Baba yako ameamka vizuri, amekunywa chai nusu kikombe, analalamika goti la kulia. Bomba la bafuni linavuja, matone kumi kwa dakika, halijabadilika tangu jana. Swali?"

Usipojibu "hakuna swali, nimepokea," haondoki. Anasubiri hapo hapo, hata kama anachelewa.

Na kila kitu anaandika. Ana msemo wake, alifundishwa akiwa mwanafunzi na ameuganda kama kupe: kisichoandikwa hakikufanyika. Vipimo vyangu vya homa tangu nikiwa na miezi mitatu vipo. Siku Baba alipoacha sigara imeandikwa, na siku alipodanganya kwamba ameacha imeandikwa pia.

Basi. Asubuhi moja Mama alikuwa anampandisha mgonjwa kichwa apate kunywa uji. Vile vitanda vya wodini vina mkono wa chuma pale miguuni, unauzungusha, mgonjwa anainuka. Mama akainama, akazungusha, na kiuno kikakataa. Kikagoma kabisa. Akabaki amejikunja kama kisu cha mfukoni, hawezi kwenda chini wala juu. Mgonjwa, aliyetolewa nyuzi juzi tu, akashuka mwenyewe, akamshika Mama mabega akamlaza kwenye kile kile kitanda, kisha akatoka nje ya wodi akipiga kelele, "Nesi! Njooni! Nesi amelazwa!"

Hospitali nzima ilicheka hiyo wiki. Mama hakucheka. Daktari alisema asiinue mgonjwa tena, asiiname tena, basi. Metroni, mkuu wa wauguzi, alimpa miezi miwili ya mapumziko na mambo mawili ya kuchagua: akirudi aende chumba cha mafaili kule chini, ambako hakuna dirisha wala mgonjwa, au astaafu kwa sababu ya afya.

Jioni hiyo alikaa kwenye kitanda chao, gauni lake jeupe limetandazwa mapajani, analinyoosha kwa kiganja kana kwamba lina mikunjo. Halikuwa na mkunjo hata mmoja.

"Nikilivua hili," akasema, "mtaniita nani?"

Baba alifungua mdomo. Nikasubiri neno la gia. Halikuja. Ndipo nikajua mambo ni mazito.

Sasa mimi nilikuwa nimemaliza chuo miezi michache tu kabla, stashahada ya usimamizi wa wafanyakazi, wino wa cheti bado unanukia. Nikasema hii ndiyo kazi yangu! Miaka yote nimesoma jinsi ya kumpanga mtu kazini, na mtu mwenyewe yuko chumba cha pili! Nikachukua kalenda ya mwaka uliopita, nikaigeuza nyuma, nikaandika kwa kalamu nene kila njia anayoweza kupita muuguzi mzoefu bila kumwinua mtu. Kufundisha chuo cha uuguzi. Kampuni ya bima. Huduma ya afya kwa simu. Zahanati ya shule. Nikaibandika kwenye mlango wa jikoni kwa plasta za vidonda, maana nyumba yetu haina gundi lakini plasta zimejaa kila droo.

Baba akaja, akasoma, akasema, "Njia nyingi. Dereva anasemaje?"

"Dereva hajaulizwa," Mama akajibu kutoka chumbani.

Lakini alikwenda, masikini. Alikwenda kote. Zahanati ya shule walikuwa wameshampata mtu. Chuoni walimpa somo moja la majaribio, kutandika kitanda, na wanafunzi walimpenda mpaka wakakataa kutoka kwenda kula. Tatizo ni kwamba mkuu wa chuo naye alijaribu kutandika na Mama akamfelisha mbele ya darasa. "Kona za shuka lake zilikuwa kama masikio ya mbuzi," alituambia. "Ningesemaje?" Wakamwandikia kwamba nafasi inahitaji shahada ya pili.

Bima je? Bima walimpa siku tatu na rundo la mafaili ya watu wanaodai kulipiwa matibabu. Kazi yake ilikuwa kuchambua ya kweli na ya uongo. Siku ya kwanza akayapitisha yote. Bosi akamwita.

"Mama, tumekuweka hapa uchuje."

"Nimechuja."

"Umepitisha wote!"

"Wanaumwa wote."

Siku ya pili akapitisha yote tena, na moja akaliongezea maelezo kwamba mgonjwa huyu amedai kidogo, aulizwe kama hajasahau dawa. Siku ya tatu hawakumhitaji.

Kwenye simu ndiko nilikoweka matumaini yangu, kwa sababu sauti ya Mama inaweza kumlaza mtoto wa jirani kupitia ukuta. Wakamvalisha vile vya masikioni, wakamkalisha kwenye kiti kizuri cha kuzunguka. Mpigaji wa kwanza alikuwa mwanamke, mtoto wake ana homa kali. Mama akasikiliza, akauliza maswali yote sawasawa, kisha akasema, "Tulia mwanangu, mvue nguo nzito, mpanguse na maji ya uvuguvugu. Unakaa wapi? Nakuja."

Na akachukua mkoba! Alikamatwa kwenye lifti!

Tulicheka nyumbani mpaka Baba akakaa sakafuni. Mama naye alicheka, machozi yakamtoka. Halafu akaenda akazifuta zile njia kwenye kalenda, mstari mmoja, mstari wa pili, kwa rula. Zilikuwa zimebaki siku tisa arudi kwa Metroni na jibu. Nikamsikia akimwambia Baba taratibu, "Chumba cha mafaili labda si kibaya. Nitazoea." Ile sauti. Afadhali angelia.

Ndio maana nilifanya nilichofanya. Sijutii!

Niliona tangazo kwenye simu: karakana inayotengeneza vitanda vya hospitali inatafuta muuzaji, mtu anayezijua wodi, atume wasifu pamoja na kumbukumbu za mafunzo yake. Nikamwonyesha Mama. Akasema, "Mimi niuze? Mimi hata mtu akitaka kuninunulia soda namwuliza kama ana sukari." Akaenda kuoga.

Sasa sikilizeni. Mama ana madaftari mawili ya jalada gumu, ya bluu, mapacha kabisa, yanakaa pamoja juu ya kabati. Kwenye moja ameandika kila kozi aliyohudhuria tangu ahitimu. Nikalivuta moja, nikalipiga picha kwa simu kurasa kumi na moja, haraka haraka, maji bafuni nayasikia yanamwagika, nikatuma, nikarudisha. Sikusoma hata mstari. Mhitimu wa usimamizi wa wafanyakazi, mimi, sikusoma nilichotuma!

Siku mbili baadaye simu yangu ikalia nikiwa nafua uani. Sauti ya mwanamke, nzito, haina haraka.

"Naongea na mwenye lile daftari la vitanda?"

"La kozi," nikasema. "Ni mama yangu. Amehudhuria kozi nyingi sana, na—"

"La vitanda," akasema, na nikasikia karatasi zinafunuliwa. "'Kitanda namba saba. Gurudumu la nyuma kushoto linalia kama paka mwenye njaa. Nimeripoti mara ya tisa.' Ni yeye?"

Nikakaa. Nilikalia beseni la nguo, zenye maji.

"'Kitanda namba kumi na mbili. Kizuizi cha pembeni kimeshuka chenyewe mgonjwa akiwa usingizini. Nimekifunga kwa bandeji.' 'Kitanda namba tatu. Mkono wa kuzungushia. Aliyeubuni mkono huu Mungu amsamehe. Mimi bado.'"

"Hiyo... hiyo inawezekana ni utani," nikasema.

"Vitanda hivyo ni vyetu," akasema yule mwanamke. "Mimi ndiye mkurugenzi. Mlete kesho saa nne."

Akakata.

Nikamwambia Mama. Ningefanyaje? Nilimwambia nikiwa nimesimama mbali kidogo, karibu na mlango. Kumbe lile daftari lilikuwa hivi: hospitalini kuna kitabu cha ubovu, unaandika kilichoharibika, fundi anakuja. Miaka yote Mama aliandika, fundi hakuja, kitabu kikijaa kinatupwa. Basi akawa ananakili malalamiko yake nyumbani, ili siku mtu akiuliza, yawepo. Miaka ishirini na saba hakuna aliyeuliza.

"Umewapelekea daftari la ubovu," akasema Mama.

"Sikujua."

"Wenye vitanda."

"Mama, sikujua!"

"Redio wewe! Leo umetangaza mpaka visivyotangazwa. Watanishtaki hawa. Nimewatukana kwa maandishi. Na saini nimeweka!"

Baba akashusha gazeti. "Ukishaingia kwenye kona, Sista, huwezi kukanyaga breki ghafla. Utapinduka. Shika usukani uende."

Asubuhi yake akatoka chumbani amevaa gauni lake jeupe, limepigwa pasi, saa ndogo imening'inia kifuani, mkanda, viatu. Nikamwangalia.

"Kama ni kushtakiwa," akasema, "nishtakiwe nikiwa Sista."

Karakana ilikuwa ni banda refu la mabati, na ndani, jamani, kelele! Msumeno unakata chuma, cheche zinaruka, harufu ya rangi na moto. Vitanda vimesimamishwa ukutani kwa vichwa, havijapakwa rangi, uchi kabisa, kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari. Mkurugenzi alikuwa mama mnene mwenye penseli iliyochomekwa kwenye nywele. Na ukutani nyuma ya meza yake, zimechapwa kubwa kubwa, kurasa kumi na moja za Mama.

Mama akazitazama, akainua kidevu.

"Ni mwandiko wangu," akasema.

"Karibu, mama," akasema mkurugenzi. "Kabla hatujaongea, kuna mtu nataka mwonane."

Akatupeleka mwisho wa banda. Pale, kwenye stuli ya miguu mitatu iliyong'aa kwa kukaliwa, palikuwa na mzee mfupi, miwani ya kuchomelea imepandishwa kwenye paji la uso, anapiga mluzi. Mafundi wenzake walimwita Fundi tu, kana kwamba wengine wote walikuwa wanafunzi. Mkurugenzi akasema, "Huyu ndiye anayetengeneza mikono ya vitanda. Miaka thelathini."

Mama ana adabu, hiyo siwezi kukataa. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Wewe ndiye uliyenivunja kiuno."

Msumeno ulizimwa. Mmoja baada ya mwingine, mafundi wakaacha kazi. Mzee akageuka kuangalia kulia, akaangalia kushoto, kama anatafuta mwenye jina hilo.

"Mama, nina mke," akasema. "Na wewe ndiyo kwanza leo nakuona!"

Banda likapasuka kwa kicheko. Mama hakucheka, akanyoosha kidole kwenye kitanda kilichokuwa mbele ya mzee, kwenye ule mkono wa chuma pale miguuni.

"Huu."

"Huu?" Mzee akaonekana ameumia kweli, kama umemsema mtoto wake. "Huu mkono ni laini kama siagi! Hakuna karakana inayotoa mkono kama huu. Hebu tazama." Akaiburuta stuli yake kwa kisigino, akakaa vizuri miguuni pa kitanda, akashika ule mkono kwa vidole viwili. Vidole viwili! Akazungusha, huku anapiga mluzi, na kichwa cha kitanda kikapanda polepole, bila sauti. "Umeona? Mtoto wa darasa la kwanza anaweza."

Mama alikuwa hakitazami kitanda. Alikuwa anaitazama stuli.

"Fundi," akasema taratibu, "kumbe wewe unazungusha umekaa."

"Ndiyo. Kwani nyie mnazungushaje?"

"Tumesimama."

"Mmesimama?"

"Yaani tumeinama."

"Sasa kwa nini msikae?"

"Tukae juu ya nini?"

Mzee akaangalia chini, kwenye ile stuli yake, kama vile ndiyo kwanza anaiona. "Wodini hakuna stuli?"

"Wodini hakuna hata msumari wa mgonjwa kutundikia kanga."

Akainuka, akaisukuma stuli pembeni kwa mguu, na yeye mwenyewe mfupi vile, ilibidi ainame mpaka nusu ndipo aufikie. Akazungusha. Mara tano, sita. Mluzi hakuna tena. Mara kumi. Ya kumi na mbili akashika kiuno na kusema "Lo!" kwa sauti ndogo kabisa.

"Kwa siku mara ngapi?" akauliza, bado ameinama.

Mama hakuwa na haja ya kukisia. Daftari lilikuwa mkobani. "Vitanda ishirini na vinne. Asubuhi kupandisha wagonjwa, kisha kushusha. Mchana vile vile. Jioni vile vile. Na wale wenye matatizo ya kifua hubadilishwa mkao kila baada ya saa mbili."

Mzee akavua miwani yake. "Miaka thelathini," akasema, "hakuna aliyerudi kuniambia."

"Nimekwambia," Mama akajibu. "Mara arobaini na moja. Hukuletewa."

Mimi hapo nilitaka kupiga makofi, nikajizuia. Mkurugenzi akakohoa. "Sawa, mama. Ukweli ni kwamba sisi tulitangaza nafasi ya muuzaji. Unazijua wodi, unajua kuongea. Unaonaje?"

Na Mama yangu, aliyebakiwa na siku sita aende kuzikwa kwenye mafaili, akasema, "Siwezi kuviuza hivi."

Nikamkanyaga mguu. Akautoa.

"Kwenye wodi yangu kuna msichana ana miaka ishirini na minne," akasema. "Kiuno chake bado kizima. Nikamuuzie hiki, nimtazame usoni? Hapana. Asante kwa kunipokea."

Basi, nikajua imekwisha. Nikaanza kufunga zipu ya mkoba. Ndipo mkurugenzi akatoa ile penseli kichwani.

"Ungetaka kiweje?"

Mama akageuka. "Hapa ndani nani amewahi kulala kwenye kitanda hiki?"

Mafundi kumi na nane, hakuna mkono uliopanda.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akasema Mama. "Wewe, mama mkurugenzi. Vua viatu."

"Mimi?"

"Panda."

Jamani, akapanda! Yule mama mnene, bosi wa watu wote, akalala chali juu ya mabati ya kitanda, penseli mkononi, na mafundi wake wanamchungulia.

"Haya," akasema Mama, na sauti yake ilikuwa ile ya wodini, ile ambayo ukiisikia unajua kuna mtu anayejua afanyalo. "Umepasuliwa tumbo jana. Una kiu. Glasi iko pale pembeni. Chukua."

Mkurugenzi akanyoosha mkono. Kizuizi cha pembeni kikamzuia. Akajaribu kupitisha mkono juu. "Siwezi."

"Tumbo linauma?"

"Linaanza kuuma kweli!"

"Vizuri. Fundi, umeona hiyo? Andika."

"Mimi siandiki, mimi nachomelea," akasema mzee.

"Kisichoandikwa hakikufanyika," Mama akamwambia. "Redio! Andika."

Nikaandika mimi, upande wa nyuma wa zile kurasa za Mama, zilizonyofolewa ukutani kwa mkurugenzi. Walilazwa wanne siku hiyo. Mmoja alivunjwa mguu, mmoja alijifungua, fundi mkubwa mwenye ndevu alijifungua mapacha na wenzake wanampa hongera mpaka leo. Mchana hawakwenda kula. Mzee akakata ule mkono kwa moto, akauongezea kipande, akaupandisha mpaka usawa wa kiuno cha Mama, akauwekea bawaba ujikunje usimgonge mtu akipita. Akaupoza kwa maji, ukatoa mvuke, akaufuta kwa kitambaa.

"Jaribu, mwanangu."

Mama akausogelea. Akasimama wima, mgongo umenyooka kama nguzo, akashika, akazungusha. Kitanda kikapanda na mtu wake. Akazungusha tena, kikashuka. Kikapanda. Kikashuka. Yule fundi mwenye ndevu aliyekuwa amelala juu yake akasema, "Sista, nitatapika," lakini Mama hakumsikia, alikuwa analia huku anacheka, na mzee naye anajifuta macho na kusingizia moshi.

Mmesikia alivyoitwa, lakini? Sista. Hakuna aliyewafundisha. Walianza tu wenyewe.

Mkurugenzi, aliyekuwa amehamia kitanda cha jirani, akashuka, akavaa viatu. "Kazi ya kuuza nimeifuta," akasema.

Nikaushika tena mkoba, tuondoke.

"Sina haja ya mtu wa kuuza. Nina haja ya mtu wa kukataa. Kitanda hakitoki hapa mpaka ukilalie na uweke saini. Siku mbili kwa wiki utakwenda kwenye mawodi, ukae na wauguzi na wagonjwa, uniletee matusi yao yote yaliyoandikwa. Unaonaje?"

Mama akashika kola ya gauni lake. "Leseni yangu ya uuguzi itakuwaje?"

"Bila leseni yako unanisaidia nini? Mafundi ninao."

"Na hili gauni?"

"Vaa utakavyo. Viatu tu viwe vigumu, hapa chuma huanguka."

Mama akamshika yule mama mikono yote miwili, akashindwa kusema. Ikabidi niseme mimi. Nikasema, "Amekubali! Anaanza Jumatatu! Na mimi nina stashahada ya usimamizi wa wafanyakazi, kama kuna—"

"Wewe," akasema mkurugenzi, "unatuma vitu bila kusoma. Tutaona."

Tutaona! Hilo sio hapana!

Metroni alipewa jibu lake siku tatu kabla ya muda. Na wiki iliyopita kitanda cha kwanza chenye mkono mpya kilipelekwa, mnajua wapi? Wodi ya Mama, nafasi ya namba saba, pale pa yule paka mwenye njaa. Mama alikisindikiza mwenyewe na viatu vyake vigumu. Akamwita yule msichana wa miaka ishirini na minne, akasimama naye miguuni pa kitanda, akamkabidhi kama zamu: "Kitanda namba saba. Magurudumu manne, hayalii. Kizuizi hakishuki chenyewe. Mkono unazungushwa umesimama, ukiinama nitajua. Swali?"

"Hakuna swali, Sista," akasema yule dada. "Nimepokea."

Nyumbani sasa ripoti zimegeuka. Mama akirudi jioni anasimama mlangoni, vumbi la chuma kwenye gauni jeupe, nywele zinanuka rangi, daftari jipya la bluu kwapani. Jana ilikuwa hivi: "Leo nimekataa vitanda vinne. Fundi amejaribu mkono amekaa, mara mbili, nimeandika zote mbili, na stuli nimemtundikia kwenye msumari wa juu asioufikia. Kiuno hakilalamiki. Swali?"

"Hakuna swali, Sista," akasema Baba. "Nimepokea."

Mimi nilikuwa na maswali kumi na mawili. Akaniambia nimpishe kwanza avue viatu.